Nilivyotoka kwenye riba za ziro kuponi hadi riba za pari

Kazini nilikabidhiwa jedwali la riba za ziro kuponi, yaani riba za mkopo unaolipwa wote kwa mara moja mwishoni, bila malipo ya katikati, mwaka 1 hadi 20. Wakubwa walitaka kujua hatifungani (hati ya mkopo) mpya ya kila muda ipangiwe kuponi gani, yaani malipo ya riba ya kila kipindi, ili iuzwe Sh100 kwa kila Sh100 iliyoandikwa, bila ziada wala pungufu. Kuponi hiyo ndiyo riba ya pari.

Riba zenyewe niliziweka kando, nikazigeuza diskaunti: shilingi 1 ya mwaka fulani ujao ina thamani gani leo. Chukua riba za 10%, 11% na 12% kwa miaka mitatu ya kwanza. Diskaunti zake ni 0.9091, 0.8116 na 0.7118.

Hapo ndipo hesabu iliponifurahisha. Mnunuzi anatoa shilingi 1 leo. Mwaka wa tatu anarudishiwa shilingi yake, ila kwa leo ina thamani ya 0.7118 tu. Pengo la 0.2882 lazima lizibwe na kuponi tatu, na kila kuponi ina diskaunti yake. Kwa hiyo 0.2882 gawanya kwa jumla ya diskaunti, 2.4325, unapata 11.85%.

Mwenzangu aliuliza mbona haifiki 12%. Ni kwa sababu kuponi mbili za mwanzo hupunguzwa kwa 10% na 11%, si 12%, hivyo zina thamani kubwa zaidi. Riba zikipanda kadiri muda unavyorefuka, pari hukaa chini ya ziro. Zikishuka, hukaa juu.

Kazi ilikuwa kwenye nusu mwaka. Hatifungani za Serikali, Tanzania na hata Kenya, hulipa kuponi kila miezi 6, na jedwali langu lilikuwa na miaka kamili tu. Diskaunti ya mwaka mmoja na nusu niliipata kwa kuzidisha ya mwaka 1 na ya mwaka wa 2, kisha kutafuta kipeuo cha pili cha jibu: 0.8590. Ya miaka miwili na nusu niliipata vivyo hivyo, kwa ya mwaka wa 2 na wa 3. Ya miezi 6 ya kwanza ni kipeuo cha pili cha 0.9091. Diskaunti sita zikajumlishwa, 5.0050, nikagawanya 0.2882 kwa hiyo, nikazidisha kwa 2 ili iwe ya mwaka. Jibu: 11.52%.

Tofauti na 11.85% ni kubwa kwa mtu anayepanga bei. Kwa hiyo kila riba ya pari ninayotoa sasa naiandikia pembeni kuponi inalipwa mara ngapi kwa mwaka.