Mji Uliozama

Miaka 12 nimekaa Dublin, mji mkuu wa Ireland, na kwa miaka 9 kati ya hiyo kazi yangu ilikuwa kuinua watu. Sisemi kwa mafumbo. Nilikuwa mhudumu kwenye nyumba ya kutunzia wazee: asubuhi unamtoa mtu kitandani, unamkalisha kwenye kiti, usiku unamrudisha. Siku ya kwanza tulifundishwa kwamba mzee havutwi mikono. Unamwambia arudishe miguu nyuma kidogo, pua ipite mbele ya magoti, unampa mahali pa kushika, halafu unasubiri. Anainuka mwenyewe. Ukimvuta utamtegua bega, na mgongo wako nao utaujua.

Nimerudi wiki moja kabla ya Pasaka. Nilipoondoka, kutoka Dar hadi Dodoma ilikuwa basi na kiuno kufa ganzi. Safari hii nimepanda mchongoko, treni ya umeme inayofika kilomita 160 kwa saa, na kabla sijamaliza kushangaa mahandaki ya Kilosa, vumbi jekundu la kwetu likawa dirishani. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa. Serikali yenyewe ikaja kuhama kwa vitendo kuanzia 2016, mimi nikiwa ughaibuni, na 2018 tukawa jiji. Nimemkuta jamaa yangu wa mtaa wa Kikuyu anapangisha vyumba kwa watumishi wa wizara, na bado analalamika. Mengine ya mji mtayaona wenyewe.

Ninachotaka kuandika ni juu ya jina. Kila mtoto wa Ugogo amesimuliwa: tembo alikuja kunywa maji, akanasa kwenye tope, akadidimia, watu waliokuja kumtazama wakasema idodomya, amezama. Zipo namna nyingine za kuisimulia. Hii ndiyo niliyolelewa nayo. Kwa hiyo mimi ni mtu wa mji uliozama, niliyekwenda kuishi kwenye mji unaojivunia kuinuka.

Dublin huwezi kukaa mwezi bila kusikia habari za 1916. Jumatatu ya Pasaka, 24 Aprili, kundi la wapigania uhuru dhidi ya utawala wa Waingereza liliiteka Posta Kuu, kiongozi wao Patrick Pearse akasimama nje akasoma tangazo la jamhuri. Nguzo za posta hiyo bado zina vishimo vya risasi. Nimewahi kuingiza kidole kwenye kimoja, mlinzi akanitazama tu. Nadhani kila mgeni anafanya vile. Waairishi kwa lugha yao wanaliita tukio hilo Éirí Amach, yaani kuinuka na kutoka nje. Wajerumani waliokuwa huku kwetu waliita Maji Maji Aufstand, neno lililotokana na kusimama. Sisi wenyewe je? Vita vya Maji Maji. Zanzibar 1964 ni Mapinduzi, neno la ngalawa kugeuka kifudifudi. Nimelifikiria sana hili nikisukuma viti vya magurudumu. Mswahili kuinuka anamwachia aliyeanguka, au aliyekaa.

Nimekwenda Hombolo kwa bibi Jumatano. Nilipopiga mbukwenyi, salamu ya Kigogo, mlangoni alinijibu bila kugeuka, kana kwamba nilitoka juzi. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, nikaunguza vidole maana nimesahau kumega. Baadaye, kwa ule ulimbukeni wa mtu aliyerudi, nikaanza kumhadithia Dublin.

"Walishinda?" akauliza.

"Hapana, bibi. Siku ya sita wakasalimu amri."

"Siku sita walikuwa wanakula nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaendelea: kwamba walipopitishwa barabarani chini ya ulinzi, wapo wenzao wa Dublin waliowazomea. Kwamba Waingereza ndio waliowageuza mashujaa, kwa kuwapiga risasi watu 15 kati ya tarehe 3 na 12 Mei, mmoja baada ya mwingine, mpaka mji uliokuwa unazomea ukaanza kulia. James Connolly, mmoja wa viongozi wao, alikuwa na jeraha la mguu, hawezi kusimama. Walimweka kwenye kiti ndipo wakampiga risasi. Hapo bibi aliacha kuchambua mboga.

Wa 16 alinyongwa London tarehe 3 Agosti: Roger Casement, yule aliyeandika ripoti ya 1904 kufichua ukatili wa Kongo ya mfalme Leopold. Nilikuwa namaliza hadithi hapo, ila kuna jambo nililigundua Dublin peke yangu usiku wa zamu, nikakosa wa kumwambia. Siku tano kabla ya kamba ya Casement, tarehe 29 Julai 1916, jeshi la Waingereza chini ya jenerali Van Deventer, kaburu wa Afrika Kusini, liliingia Dodoma na kuikamata reli kutoka kwa Wajerumani. Himaya ileile, kiangazi kilekile.

Bibi hajui 1916. Anajua vita vya Mjerumani, na anajua kilichofuata, kwa sababu mama yake alikuwa mtoto wakati ule. Kilichofuata kinaitwa Mtunya, njaa ya kuanzia 1917 hadi 1920. Neno lenyewe ni kugombania, kunyang'anyana. Majeshi yote mawili yalikomba nafaka, yakaswaga ng'ombe, yakabeba wanaume kuwa wapagazi. Kisha mvua ikakataa. Mama yake bibi alikuwa anasimulia ngozi waliyokuwa wanalalia: ilichemshwa tangu asubuhi, ikaliwa jioni, na usiku ule wakalala chini. Bibi aliposema "wakalala chini" alipapasa udongo kwa kiganja, polepole, kama mtu anayetafuta sindano.

"Sasa waliinukaje?" nikauliza.

"Mvua ilinyesha. Wakalima."

Ndiyo hiyo tu. Nilisubiri, hakuongeza.

Usiku nilikosa usingizi (mbu wa bwawani nao wana lao). Nilikuwa nawaza kwamba kuinuka tunakokukumbuka ni kule kulikopata mwandishi. Mshairi wa Ireland, W. B. Yeats, aliandika shairi juu ya Pasaka ile mwaka huohuo, akataja waliouawa kwa majina, na kibwagizo chake kinasema uzuri wa kutisha umezaliwa. Nusu karne baadaye, 1969, huku kwetu Ebrahim Hussein akatoa tamthilia ya Kinjeketile. Kinjikitile mwenyewe, mganga wa Ngarambe, Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Katika tamthilia anatakiwa atamke kwamba maji yake ya dawa ya kuzuia risasi yalikuwa uongo, anakataa, maana neno limekwisha kuzaliwa, na watoto watawapa watoto wao. Angalieni: wote wawili hawakusema watu wameinuka. Wamesema kuna kitu kimezaliwa. Sidhani kama kuna aliyemwiga mwenzake. Nadhani mtu akitazama kushindwa kwa muda mrefu, na bado hataki kukuita kushindwa, picha inayomjia ni ya mama na mtoto.

Mtunya mimi sikumbuki kuisikia darasani hata mara moja. Mkwawa tulimsoma, Abushiri tulimsoma, hata jinsi watu wake walivyoishambulia ngome ya Wajerumani hapa Mpwapwa mwaka 1889. Walioshika mkuki wana ukurasa wao, nami siwanyimi. Lakini aliyekula ngozi yake ya kulalia, akaamka na jembe, huyo tutasema alifanya nini? Kiswahili kinaniruhusu kusema aliinuka, bila kuazima neno la Dublin wala la Berlin.

Jumapili ya Pasaka tumekwenda kanisani, akina mama wakapiga ngoma za muheme mpaka bati likatetemeka. Jioni bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, kigoda kile kifupi ambacho kwa mtu wa miaka 80 na ushee ni adhabu. Nikamwona anataka kusimama. Kazi ya miaka 9 ikanijaa mikononi.

"Bibi, rudisha miguu nyuma kidogo. Sasa inama mbele, pua..."

"We mtoto, unanifundisha kuinuka?"

Akashika mchi ulioegemezwa ukutani, akasema "haya," akasimama. Akajipangusa vumbi la khanga, akanitazama, kisha akaninyooshea ule mchi. Uwele wa usiku ulikuwa bado haujatwangwa.