Nyani wa Athene na babu wa Ayvalık

Kipindi nasoma Izmir, Uturuki, nilikuwa nakaa na jamaa mmoja Mturuki, anasomea uinjinia, ila vita vyao na Wagiriki vya 1919 mpaka 1922 alikuwa anavibishania kama sisi tunavyobishania Simba na Yanga. Swali lake lilikuwa moja tu, Wagiriki wangeshinda ingekuwaje? Na kila siku lazima aanzie kwa nyani.

Kama hujui hiyo stori ni hivi, Oktoba 1920 mfalme wa Ugiriki, Alexander, kijana tu, alikuwa kwenye bustani zake nje ya Athene, mbwa wake akashikana na nyani wa kufugwa, yeye akaenda kuamulia, nyani mwingine akamng'ata, kidonda kikaoza na mwezi haujaisha kafa. Uchaguzi wa Novemba ukageuka ugomvi wa nani akae kwenye kiti, waziri mkuu Venizelos aliyekuwa amepeleka jeshi Izmir akaangushwa, mfalme wa zamani, baba yake marehemu, akarudishwa, maofisa wazoefu wakawekwa pembeni, na Wafaransa ambao hata hawakumtaka huyo mzee wakapata sababu ya kuacha kuwaunga mkono Wagiriki. Jamaa anasema toa nyani hapo, Venizelos anabaki, jeshi haliendi kujimaliza Sakarya huko karibu na Ankara, linalinda Izmir tu, na mkataba wa Sèvres, ule Osmani waliosainishwa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, unasimama, maana ulisema baada ya miaka mitano Izmir inaweza kuomba kujiunga na Ugiriki. Yaani Izmir, ile Smirna ya kwenye Ufunuo, ingekuwa Ugiriki mpaka leo!

Sikukuu moja akanichukua kwao Ayvalık, mji wa pwani, kisiwa cha Lesbos cha Ugiriki unakiona kwa macho. Zamani ulikuwa mji wa Wagiriki, walipoondoka 1922 wakaja kukaa Waislamu kutoka Krete na Lesbos. Jioni tukaenda kumsalimia babu mmoja jirani yao na hapo ndo nikaduwaa, babu mweusi kuliko hata mimi, Kituruki kinamtoka safi, akichokozwa anahamia Kigiriki. Nilishasikia juu juu kuhusu watu weusi wa kule, vitukuu vya watumwa wa enzi za Osmani, na Mustafa Olpak aliyefuatilia ukoo wake mpaka Kenya alikuwa wa Ayvalık hapohapo, ila kukaa naye meza moja ni kitu kingine kabisa.

Nikambusu mkono nikauweka kwenye paji kama wanavyofanya, tukakaa. Jamaa yangu hana breki, chai bado ya moto kaanza na nyani wake. Babu anakamulia limao mboga za porini zilizochemshwa, anasikiliza tu, akaliweka ganda kwenye ukingo wa sahani.

"Mwanangu, na mimi hapo umeniweka wapi?"

Jamaa akababaika. Babu akaendelea, mama yake alizaliwa Krete, na Krete ilishakuwa ya Ugiriki tangu 1913. Makubaliano ya Januari 1923 ya kubadilishana watu hayakuangalia lugha wala rangi, Muislamu aje Uturuki, Mkristo wa Orthodoksi aende Ugiriki, basi, watu zaidi ya milioni 1 wakang'olewa namna hiyo. Mama yake kashuka melini hajui Kituruki hata cha kuombea maji. "Mgiriki akishinda hakuna kubadilishana. Mama anabaki kwao."

"Si ndiyo vizuri, babu, mngekuwa na mizeituni yenu mpaka leo!"

"Ehe. Na 1941 Mjerumani anashuka na maparachuti Krete, mimi nina miaka minane. Hiyo umeipigia hesabu?"

Wapi! Hakuwa ameipiga.

"Tena ngoja," babu akasema, sasa naona naye kanogewa, "mama katoka Krete, baba katoka Lesbos, wamekutana hapahapa Ayvalık kwenye kuokota zeituni. Wasingeletwa wasingejuana. Kwa hiyo mimi hata Krete sipo, sipo popote." Akamnyooshea jamaa uma. "Huyo nyani msimguse."

Tulicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Kwenye basi la kurudi jamaa alikuwa kimya muda mrefu, nikajua leo kakoma. Tunakaribia Bergama akanigeukia, "Sawa, nyani tunamwacha. Ila Sakarya je?"