Nilivyoanzisha redio ya intaneti chumbani kwetu Ngamiani

Shangazi yangu aliolewa Muscat kabla sijazaliwa. Kila akipiga simu, tukimaliza shikamoo na habari za nyumbani, maswali yake ni yale yale: nani katutoka, nani kaoa, mvua imenyesha? Siku moja akaniambia, "Baba, picha mnazonitumia naziona. Lakini Tanga siisikii."

Maneno hayo yalinikaa moyoni, maana nyumba yetu imelelewa na redio. Marehemu baba alikuwa fundi redio hapa Ngamiani. Jioni watu walijaa kibarazani kwake kusikiliza matangazo ya vifo ya Redio Tanzania, na vipindi vya salamu vya enzi zile, mtu ananunua kadi, anaijaza majina ya ndugu zake wote na kuituma kwa posta. Nikaamua nitafanya hivyo hivyo kwa intaneti: saa moja tu kila siku, kuanzia saa 2 usiku kwetu, saa 3 kwa shangazi. Misiba, harusi, salamu, kisha mzee mmoja wa mji azungumze.

Kompyuta niliyokuwa nayo ni ya mezani, ya zamani, ina kumbukumbu ya gigabaiti 4. Hiyo inatosha kabisa, asikudanganye mtu kwamba unahitaji mashine kubwa. Nikaweka Icecast, programu ya bure inayopokea sauti na kuigawa kwa wasikilizaji, na programu nyingine ya bure iitwayo BUTT, ambayo kazi yake ni kuchukua sauti ya maikrofoni na kuipeleka kwenye Icecast. Jambo la kwanza kabisa badilisha nenosiri. Icecast huja na neno "hackme" limeshaandikwa kwenye faili la mipangilio, na dunia nzima inalijua. Ukiliacha, mtu yeyote anaweza kuingia na kutangaza anachotaka kwa jina lako.

Jioni ile ile mama alinisikia kwenye simu yake akiwa jikoni, kupitia Wi-Fi ya nyumbani. Alikuja mlangoni na mwiko mkononi, anacheka. Shangazi hakusikia kitu.

Wiki mbili zilizofuata ndizo zilizonifunza kazi hii. Nilifungua mlango namba 8000 kwenye rauta, njia ambayo Icecast huwapokelea wasikilizaji, kama maelekezo yanavyosema, na bado kimya. Mwishowe nikaangalia anwani ya IP, yaani namba ya utambulisho kwenye intaneti, ambayo rauta yangu imepewa na kampuni ya intaneti: ilianza na 100.72. Anwani zote kuanzia 100.64 hadi 100.127 zimetengwa kwa ajili ya kampuni za mawasiliano kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mteja wa aina hiyo anaweza kutoka nje, lakini wa nje hawezi kumbishia hodi. Ningefungua milango yote ya rauta yangu na shangazi asingefika, maana geti kubwa la mbele si langu. Kabla hujapoteza muda kama mimi, linganisha anwani iliyo ndani ya rauta na ile ambayo tovuti za nje zinaiona. Zikitofautiana, usihangaike na milango.

Tena hata ningepata anwani yangu mwenyewe, hesabu ilikuwa inanikataa. Watu wengi hupima kasi ya kupakua na kufurahi. Redio hula kasi ya kupakia. Kila msikilizaji anachota mkondo wake peke yake: kwa kilobiti 128 kwa sekunde, wasikilizaji 20 wanataka megabiti 2.56 zinazotoka nyumbani kwako bila kuyumba, saa nzima. Yangu ilikuwa ikipanda hadi 2 na kushuka chini ya 1 majirani wakirudi kazini.

Kwa hiyo nikakodi seva ndogo ya mbali, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1, nikahamishia Icecast huko. Sasa nyumbani napeleka mkondo mmoja tu, na seva ndiyo inayogawa. Ni kama kupeleka mtungi mmoja kwenye kioski cha maji, na kioski ndicho kinachojaza ndoo za mtaa mzima. Ningeambiwa hili siku ya kwanza, ningeokoa usiku mwingi.

Kisha nikafikiria upande wa msikilizaji, na hapa nina msimamo. Wasikilizaji wangu wengi wa Tanga, Muheza na Pangani wanaishi kwa bando. Kwa kilobiti 128, saa moja inawala megabaiti 57 na ushee. Kwa 48 inawala kama 22. Anayetangaza kwa kiwango kikubwa ili sauti ing'are kwenye spika zake mwenyewe anawafungia nje watu walewale anaodai kuwatumikia. Nilijaribu MP3 kwa 48 na sauti ikawa ya mtu aliyeingiza kichwa mtungini. Nikabadili kwenda AAC+, ambayo imetengenezwa kwa viwango vya chini, kwa 48 hizo hizo. Mama alisikiliza zote mbili bila kujua ipi ni ipi, akasema ya pili ndiyo sauti yangu. Tangu siku hiyo sijagusa.

Chumba nacho kina mambo yake. Maikrofoni yangu ya kwanza ilikuwa ya kondensa, inayosikia kila kitu: feni, jogoo wa jirani, bodaboda inayokata kona. Niliiuza, nikanunua ya dinamiki, ile ya kushika mkononi kama ya waimbaji, naiweka nusu shubiri kutoka mdomoni. Godoro nimelisimamisha nyuma yangu, blanketi nene mlangoni. Feni nazima, jasho linanitoka. Mvua kwenye bati sijaipatia dawa, na sitafuti tena. Usiku wa kwanza iliponyesha hewani, ujumbe ulitoka Mombasa: iache isikike.

Umeme ndio uliokaribia kunikatisha tamaa. Kompyuta na rauta nimeziwekea betri ya akiba inayonipa kama dakika 20, lakini msikilizaji akikuta kimya mara mbili hatarudi ya tatu. Icecast ina njia ya kumhamisha msikilizaji: mkondo mkuu ukikatika, anapelekwa kwenye mkondo wa akiba. Kwenye seva nikaweka programu iitwayo Liquidsoap, inacheza mahojiano ya zamani usiku na mchana, na huo ndio mkondo wa akiba. Mikondo yote miwili lazima iwe ya aina moja. Ukichanganya AAC na MP3, simu za watu hukatika wakati wa kuhama.

Kosa langu lilikuwa dogo, na liliniuma. Umeme ulikatika, ukarudi, nikaendelea kusoma matangazo ya msiba wa mtaa wa pili. Dakika 40 nilizungumza, kumbe wasikilizaji wote walikuwa bado kwenye akiba wakisikiliza mahojiano ya mwezi uliopita. Kwenye mipangilio ya Icecast kuna mstari uitwao fallback-override, ambao ndio unaowarudisha watu kwenye mkondo mkuu ukiwa hai tena. Sikuwa nimeuwasha kwa kuuandikia 1. Asubuhi nilikwenda kwa wafiwa kuomba radhi.

Leseni nilishughulikia kabla ya kuwafungulia watu wa nje ya familia. Hadi wakati huo wasikilizaji waliingia kwa nenosiri. Tanzania, tangu kanuni za maudhui mtandaoni za 2018, redio ya intaneti inahitaji leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Ada na masharti yamebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo uliza kwao wenyewe. Muziki ni suala jingine. Mji huu ni wa taarab ya Black Star na Lucky Star, wa dansi la Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na kila wiki naombwa nyimbo zao. Sanduku la kanda la baba lipo hapa chini ya meza. Lakini kumiliki kanda si kumiliki wimbo, na wale walioimba na warithi wao walishadhulumiwa vya kutosha. Bila ruhusa, sipigi.

Wazee wametujazia nafasi hiyo. Mmoja alifanya kazi kwenye reli ya Tanga, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga 1893 na ikafika Moshi 1911. Alitaja stesheni zote kwa mpangilio, pamoja na chakula kilichouzwa dirishani kila moja, na harufu ya mkonge mabehewa yalipopita. Nilikuwa nimempangia dakika 15. Nilimwachia saa nzima.

Usiku ule shangazi alipiga simu tukiwa bado hewani. Nikapokea na kuiweka karibu na sikio, sauti chini, mzee akiendelea. Redio ya intaneti huchelewa, maana seva na simu hutunza sauti kidogo kabla ya kuicheza. Shangazi hakusema neno. Nyuma yake, kutoka sebuleni Muscat, niliisikia sauti ya mzee ikifika Korogwe, wakati hapa chumbani alishapita Mombo.