Ijumaa moja ya fundi wa sare za makanisa, Chavakali

Saa 11 alfajiri

Kabla ya kuwasha moto naangalia beseni. Tangu juzi nimeloweka kitambaa chekundu katika maji ya chumvi. Namwaga, naweka mengine, namwaga tena. Leo nikimulika kwa tochi ya simu naona maji ni meupe. Basi msalaba wa kanzu ya mzee mmoja, mteja wangu, utashonwa leo. Kitambaa chekundu kisipomaliza kuchuja rangi, kanzu nyeupe hugeuka ya waridi siku ya kwanza kufuliwa, na mwenye kanzu hana nyingine ya kuvaa Jumapili.

Nikishakianika, naketi kwenye kigoda jikoni bila kusema neno. Mimi ni wa Kanisa la Marafiki, Wakweka kama wengine wanavyotuita. Hatubatizi kwa maji wala hatugawi mkate na divai, na tulifundishwa kwamba kunyamaza mbele za Mungu ni sala iliyokamilika. Lakini ibada zetu za Jumapili hapa Maragoli zina mchungaji, kwaya na mahubiri marefu, kwa hiyo kimya changu nakitafuta alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajawaamsha watoto. Leo nimemwombea mume wangu, anayelinda geti Nairobi, na nikamwomba Mungu stima isipotee. Nina magauni 18 ya kwaya ya kukabidhi kabla ya jua kuzama.

Saa 12 na nusu

Chai imeiva na binti yangu anatafuta soksi, mama mkwe anabisha hodi. Yeye ni wa African Israel Nineveh, kanisa alilolianzisha Zakayo Kivuli kule Nineveh, Jebrok, mwaka 1942. Ijumaa kwao ni siku kubwa ya kuungama na kuomba, na kanzu yake nyeupe imeng'ang'aniwa na seng'enge ikachanika pindoni.

"Mwanangu, hii itaonekana?"

"Haitaonekana, Mama. Kaa unywe chai."

Nimeishona kwa mkono, mshono mdogo mdogo kutoka ndani, uzi nimeupitisha kwenye nta ya mshumaa ili usichezecheze. Alipoolewa kwenye boma hili alikuwa peke yake aliyevaa kilemba cheupe katikati ya Wakweka, na hakuna aliyemkataza. Alinywa chai, akavaa, akaenda zake, na baadaye nikisikia ngoma upande wa bondeni nikajua amefika.

Saa 2 asubuhi

Chavakali ni njia panda. Barabara kuu inapita kati ya Kisumu na Kakamega, nyingine inakata kuelekea Kaimosi na Kapsabet, na mimi nina kibaraza mbele ya duka la vyombo, mahali ambapo mtu akishuka kwenye matatu ananiona. Cherehani yangu ni ya miguu. Ninayo pia ovaloki ndogo ya stima, mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisichuruzike nyuzi, ambayo nililipia kidogo kidogo kupitia chama cha akina mama.

Sisi wafanyabiashara wa mstari huu huwa tunaomba pamoja kabla ya kufungua: muuza ndizi Mkatoliki, mama wa viazi wa Jeshi la Wokovu, kijana wa simu ambaye hajasema anasali wapi, na mimi. Leo ilikuwa zamu ya mama wa viazi. Huomba kwa sauti ya kutosha uwanja mzima, na akawataja wadeni wetu wote bila majina.

Saa 3 hadi saa 5

Hizi ndizo saa ninazozipenda. Msichana anayejifunza kazi kwangu anapiga pasi ya makaa, mimi niko kwenye msalaba.

Mtu anaweza kudhani msalaba ni vipande viwili vya kitambaa vilivyopitana. Mimi naukata mzima, kipande kimoja, mguu wa chini mrefu kuliko mikono. Halafu nakunja pindo ndogo kuuzunguka wote na kuushikiza kwa uzi wa muda kabla haujapita kwenye mashine. Kazi iko kwenye kona nne za ndani. Pale pindo haikubali kukunjika mpaka uikate kidogo kwa ncha ya mkasi. Ukikata pungufu, kona inavimba. Ukizidisha, nyuzi zinaachana na miezi miwili baadaye msalaba una tundu. Nashika pumzi kila nikifika hapo. Msichana wangu ameanza kuijua hiyo kazi, na leo nimemwachia kona moja. Ametoka jasho, lakini kona imelala vizuri.

Mwenye kanzu ni mzee wa Kanisa la Roho Mtakatifu, na amekaa kwenye benchi langu tangu saa 3, fimbo magotini, anatazama. Historia yetu mimi naye ni ndefu kuliko umri wetu. Wamishonari watatu wa Kikweka kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na mwaka 1927 kukatokea uamsho hapo hapo Kaimosi: watu wakaomba kwa sauti, wakatetemeka, wakaungama dhambi hadharani. Wakubwa wa misheni waliona wamepita kiasi. Waliokataa kunyamaza wakatoka, na huko ndiko makanisa ya Roho yalikoanzia. Kwa hiyo babu zake na babu zangu walikuwa kwenye benchi moja, wakaachana kwa ubishi na machozi.

Nilipomaliza niliitundika kanzu ukutani. Mzee akavua viatu, akasimama pale kwenye saruji, akaweka mkono juu ya cherehani na kuiombea, na mikono yangu, na macho yangu yasichoke mapema. Halafu akanilipa noti moja moja, akihesabu kwa sauti.

Ninawashonea Waanglikana, Wakatoliki, Jeshi la Wokovu na herufi S zao za kwenye kola, watu wa kanisa la African Divine wa kule Boyani, na Wakweka wenzangu. Kila kanisa lina urefu wake wa gauni na kola yake, na kila moja linajua la mwenzake likoje. Watu huja hapa kupimwa, na wakati tepu inazunguka kiuno huzungumza. Nimewasikia wakiombana nafasi ya kuhudhuria harusi, wakikopeshana viti, wakiulizana habari za wagonjwa. Nami naamini kwa moyo wangu wote kwamba Mungu anapendezwa na benchi hili.

Saa 5 na nusu

Stima imepotea.

Magauni sita bado hayajapita kwenye ovaloki, na kitambaa chenyewe ni kile kinachochuruzika nyuzi ukikigusa. Nimengoja nusu saa. Kijana wa simu anasema nguzo imeanguka upande wa Mbale. Duka pekee lenye jenereta karibu ni la kinyozi, na kinyozi hakusita: "Lete mashine, mama fundi, wewe changia mafuta tu."

Basi tukaibeba ovaloki, mimi upande huu na msichana upande ule, tukaiweka juu ya meza ya vioo kati ya mashine za kunyolea. Shida ikawa nywele. Zinaruka, na kitambaa changu ni cha rangi ya malai, kila unywele unaonekana. Nikatandika leso moja juu ya meza na nyingine nikaitundika katikati ya chumba iwe pazia, upande mmoja vichwa, upande mwingine magauni. Wanaume waliokuwa kwenye foleni walipunguza sauti za mazungumzo yao, wakahamia kwenye bei ya mbolea. Mmoja, dereva wa boda boda, aliinua kona ya leso kwa heshima akauliza kama ni kweli Wakweka hawaendi vitani. Nikamwambia hivyo ndivyo imani yetu inavyofundisha tangu mwanzo. Akafikiri kidogo, kichwa nusu kimenyolewa, akasema kwamba mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, hapa barabarani angetaka kuwa na kanisa la namna hiyo. Hakuongeza neno, na mimi pia nilibaki na sindano mkononi kwa muda.

Gauni la sita lilimalizika saa 7. Nililipia mafuta na kumwekea kinyozi kifungo cha shati kilichokuwa kimekatika.

Mchana nimekula ugali na mrenda, kwa haraka.

Saa 8 mchana

Mweka hazina wa kwaya yenye magauni amekuja. Tukayakagua pamoja, akayasifu, kisha akaniomba tuketi kando.

Ushonaji tulikubaliana shilingi 800 kwa gauni. Jumla 14,400, malipo ya kwanza 8,000, baki 6,400. Akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, niandikie risiti ya 1,200 kila moja. Nitakukumbuka kwenye hiyo tofauti."

Hesabu ya tofauti naijua bila kikokotoo: shilingi 7,200. Pesa hizo akina mama wa kwaya wamezitoa kwenye mayai, kwenye mboga za saga na managu, wengine kwenye mikopo ya chama. Nawajua, nimewapima viuno.

Nilimwonyesha boksi la katoni lililotundikwa ukutani, ambapo bei zangu zimeandikwa kwa kalamu nene. Hiyo si desturi ya soko letu, watu hapa wanapenda kuvutana bei. Mimi niliifuata kwa sababu Marafiki wa kwanza kule Uingereza waliamua mfanyabiashara ataje bei moja, mtoto akitumwa dukani alipe sawa na mtu mzima. Wengi wao pia walifungwa jela kwa kukataa kuapa mahakamani, wakisema neno la Yesu ni ndiyo iwe ndiyo na siyo iwe siyo, kwa hiyo mtu hawezi kuwa na ukweli wa mahakamani na mwingine wa nyumbani. Nikamwambia, "Dada yangu, risiti itasema mia nane."

"Na nani atajua?"

"Mimi nitajua, na wewe utajua. Jumapili tutaimba."

Uso wake ulibadilika. Alisema basi deni lingoje, kwaya haina pesa kwa sasa. Akaondoka bila kuchukua magauni.

Nilikaa. Moyo ulikuwa unanienda mbio, kwa sababu 6,400 si kidogo na karo ya kijana wangu inaitegemea. Msichana wangu akauliza kama tunayazuia magauni mpaka tulipwe. Fundi yeyote angefanya hivyo na angekuwa na haki. Lakini kesho akina mama wanaimba kwenye mkutano, na wao hawajaniomba risiti yoyote. Nikasema tunayafunga, tunayapeleka.

Saa 10

Mvua ya huku haichelewi. Wingu limetoka upande wa msitu wa Kakamega, radi mbili, halafu mawe yakaanza kupiga mabati. Magauni yalikuwa tayari ndani ya mifuko miwili ya nailoni, nimeyafunga kamba. Ilipopungua nikampa kijana wa boda boda mifuko na maelekezo: kanisa la Marafiki la chini, karibu na mto.

Saa 11 na nusu jioni mwenyekiti wa kwaya ananipigia. Hawajaona mfuko. Kijana naye anasema alifikisha kitambo, akawakabidhi akina mama mlangoni. Akina mama gani? Akanieleza mti, geti na mawe makubwa, na nikaelewa. Amepeleka kanisa la Marafiki la juu.

Nikapanda kilima kwa miguu, viatu mkononi kwa sababu ya utelezi. Kanisani kulikuwa na taa ya sola na vicheko. Akina mama wa maombi ya Ijumaa walidhani ni msaada umeletwa, wakafungua. Watano walikuwa wamevaa, mmoja anajigeuza mbele ya kioo cha dirisha, na lazima niseme gauni lilimkaa.

"Mirembe, Fundi! Hizi ni za nani?"

Nilipowaeleza waliyavua mara moja, wakayakunja, wakayarudisha kwenye mifuko vizuri kuliko nilivyoyafunga mimi. Wawili wakaweka mifuko kichwani, wengine wakamulika kwa simu, tukateremka wote mpaka kanisa la chini. Huko tuliwakuta wenzao wakingoja kwa wasiwasi. Walikumbatiana, wakaanza kulinganisha kola, na kabla sijaketi wale wa juu walikuwa wameniuliza bei. Nikawaambia mia nane, kitambaa waje nacho wenyewe. Mweka hazina alikuwepo. Alipokea gauni lake, akasema asante bila kuniangalia.

Saa 3 usiku

Mama mkwe ameleta ndizi za kupika kutoka kwa waliokutana naye huko Nineveh. Mshono wake umeshikilia. Mtoto amelala na daftari mkononi, na mume wangu amepiga kuuliza kama pesa za magauni zimepatikana. Nimemweleza yote. Alinyamaza, akasema nimefanya vyema, ila niende mapema.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua kibaraza, nitapitia kwa mwenyekiti wa kwaya na kitabu changu cha risiti. Nitamfungulia ukurasa ule, 14,400 juu, 8,000 chini yake, halafu nimwombe 6,400 zilizobaki.