Chama kikishapata kile kitu kimoja, wanachama wake wanaenda wapi?

Kuna swali linanisumbua muda sasa na naona huku kwetu hatuliulizi vya kutosha. Chama kimeanzishwa kwa ajili ya jambo moja tu, jambo hilo likishapatikana kinafanya nini? Sizungumzii chama kilichoshindwa, hicho kinaeleweka, kinadhoofika taratibu watu wanahama wanaendelea na mambo yao. Nazungumzia kilichoshinda. Kimekaa miaka ishirini kinadai kitu kimoja, watu wanakidharau, magazeti yanakibeza, alafu siku moja kura zinahesabiwa na kile kitu kimepatikana kweli. Kesho yake asubuhi yule katibu wa tawi anafungua ofisi, anamwambia nini mtu atakaekuja kuchukua kadi?

Mfano ambao kila mtu anaujua ni UKIP ya Uingereza. Ilianzishwa 1993 na mwalimu wa chuo anaitwa Alan Sked, na dai lake lilikua Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, mengine yote yalifuata nyuma ya hilo. Miaka mingi hawakua kitu, lakini 2014 kwenye uchaguzi wa Bunge la Ulaya wakashika namba moja nchi nzima wakapata viti 24, na 2015 kwenye uchaguzi mkuu wakapigiwa kura karibu milioni 4. Kura milioni 4 na kiti kimoja tu bungeni, kwa sababu kule ni kama hapa kwetu Tanzania, anaeongoza jimboni ndo anachukua jimbo na kura za wengine wote zinabaki kua hesabu tu. Ila presha yao ilianza kupanda mapema, na ndo iliyomfanya waziri mkuu David Cameron aahidi kura ya maoni tayari mwaka 2013, na tarehe 23 Juni 2016 wananchi wakapiga, asilimia 51.9 wakasema tutoke.

Sasa angalia kilichofuata. Siku chache tu mbele, Julai hiyohiyo, Nigel Farage aliyekua anakiongoza chama akajiuzulu akasema kazi yake imekwisha. Akachaguliwa Diane James, akakaa siku 18 akaacha. Wakaendelea kubadilisha viongozi, na 2017 kwenye uchaguzi mkuu wakapata asilimia 1.8, kiti hata kimoja hakuna. Kutoka karibu milioni 4 hadi chini ya laki 6 ndani ya miaka miwili, na katikati hapo hakuna kashfa kubwa wala vita, kilichokuepo katikati ni ushindi wao wenyewe. Wapigakura walishapata walichokitaka, wengi wakarudi kwenye vyama vyao vya zamani maana Conservative, chama cha Cameron, walikua wameshaahidi kuitekeleza ile kazi.

Kuna kitu kingine watu hawakiangalii sana na mi naona ndo kikubwa zaidi, hela na jukwaa. UKIP ilikua inapata wabunge Ulaya kwa sababu kule viti vinagawiwa kwa uwiano wa kura, ukipata asilimia 27 unapata viti vya maana. Wabunge wale walikua na mishahara, wasaidizi, ofisi, na muda wa kuongea watu wakakusikia. Chama chote kilikua kimesimama juu ya bunge ambalo kinataka nchi itoke! Walikua wanakata tawi walilokalia, na walilikata wakijua, hilo lazima niwape heshima yao hata kama siasa zao kuhusu wahamiaji sikubaliani nazo kabisa. Tarehe 31 Januari 2020 Uingereza ilipotoka rasmi, viti vyote 73 vya nchi hiyo kwenye bunge lile vikafa siku hiyohiyo.

Ila Farage hakukaa nyumbani. Alitoka UKIP mwishoni mwa 2018, na alipoona serikali inasuasua kutekeleza, 2019 akaja na Brexit Party, Brexit ndo huko kutoka Ulaya, jina lenyewe jambo moja, wakashinda uchaguzi wa Ulaya mwaka huohuo kwa viti 29. Nchi ilivyotoka tu chama kikabadilishwa jina, 2021 kikawa Reform UK, agenda ikawa uhamiaji, kodi na mambo mengine, na 2024 wakapata asilimia 14 na viti 5. Kwahiyo watu walewale hasira yao haikuisha na Brexit, ilitafutiwa tu mlango mwingine. Na hapo ndo nilipoanza kufikiri tofauti, kwamba labda lile jambo moja huwa sio lenyewe, watu wanabeba manung'uniko yao ya ajira na bei na kudharauliwa wanayafunga kwenye dai moja kwa sababu dai moja linabebeka, na siku dai likitimia mzigo bado upo.

Huku kwetu hatuna haja ya kwenda mpaka London. Mtu wa Mbeya akitaka kujifunza hili apande gari aende Tunduma, avuke pale Nakonde upande wa Zambia aulize wazee habari za MMD, yaani Movement for Multiparty Democracy, vuguvugu la demokrasia ya vyama vingi. Baba yangu mdogo anaishi Tunduma toka zamani, enzi hizo alikua anavusha mchele wa Kyela kwenda ng'ambo, na mwaka 1991 aliyaona kwa macho. Nilimuuliza juzi tukiwa tumekaa kwake.

"Mwanangu, mwaka ule Nakonde nzima kila mtu ni saa imefika, saa imefika. Mpaka kwenye karatasi ya kura alama yao ilikua saa."

"Sasa baba, walikua wamekubaliana nini zaidi ya hapo?"

"Zaidi? Kaunda atoke. Unga umepanda bei, mtu ana njaa, unadhani atakuuliza zaidi ni nini?"

Na ndivyo ilivyokua. Juni 1990 bei ya unga wa mahindi ilipanda mara mbili, Lusaka ikawaka moto, na mwezi uliofuata watu wa kila aina wakakutana kuanzisha vuguvugu la kudai vyama vingi. Ndani yake walikuepo viongozi wa wafanyakazi kama Frederick Chiluba, wafanyabiashara, wanasheria, wasomi, na wale waliokorofishana na UNIP, chama cha Kaunda. Oktoba 1991 Chiluba akapata karibu asilimia 76, wabunge 125 kati ya 150, na UNIP iliyotawala toka 1964 ikaondoka. Mzee Kaunda akakubali matokeo, jambo ambalo kwa Afrika ya wakati ule lilikua kubwa mno na nadhani hajasifiwa vya kutosha kwa hilo.

Ila sasa kiongozi wa wafanyakazi na mfanyabiashara wako serikali moja, na lile lililowaunganisha limeshapita. Bei za serikali zikaondolewa, mashirika ya umma yakauzwa, wafanyakazi waliokipigania chama ndo wakawa wa kwanza kupunguzwa kazini. 1993 tayari vigogo kadhaa wakatoka wakaanzisha chama chao. 2001 Chiluba akataka muhula wa tatu, wenzake ndani ya chama wakamkatalia, kisha Michael Sata aliponyimwa nafasi ya kugombea akaondoka akaanzisha Patriotic Front, na chama hichohicho cha Sata ndo kikaja kuiangusha MMD 2011. Januari 2015 mgombea wa MMD kwenye uchaguzi wa rais alipata chini ya asilimia 1. Jina lenye demokrasia ya vyama vingi ndani yake, na hiyo demokrasia ya vyama vingi ndo ikakimaliza. Mi naliona hilo kama heshima, kwa kweli, maana waliomba uwanja ambao wanaweza kushindwa, wakaupata, wakashindwa.

FORD ya Kenya, nayo ya kudai vyama vingi, hata haikufika huko. Ilianza 1991, Desemba mwaka huohuo kifungu cha 2A cha katiba kilichokua kinaruhusu chama kimoja tu kikafutwa, dai likawa limetimia, na kabla mwaka mwingine haujaisha wamegawanyika FORD-Kenya ya Oginga Odinga na FORD-Asili ya Kenneth Matiba. Moi akashinda Desemba 1992 kwa kama asilimia 36 tu, upinzani ukiwa umegawana zilizobaki. Walipokua wanadai ule uwanja hakuna aliyeuliza nani ataingia kwanza.

Na sisi tuna NCCR. Vijana wengi hawajui kwamba ile ilianza 1991 ikiwa kamati ya kudai mageuzi ya katiba, sio chama kabisa. Vyama vingi vikaruhusiwa 1992, kamati ikageuka chama, 1995 Mrema akatoka CCM akaingia akagombea urais akapata karibu asilimia 28, nchi ikatikisika. Miaka minne tu mbele wamegombana, Mrema kaenda TLP na umati wake. Kamati ilikua na watu wanaojua wanachotaka, chama kikawa na watu wanaomtaka mtu, hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa.

Sudan Kusini naitaja kwa kifupi kwa sababu inaumiza. Julai 2011 uhuru, baada ya karibu asilimia 99 kupiga kura ya kujitenga, Desemba 2013 watu wa SPLM hiyohiyo iliyopigania huo uhuru wanapigana wenyewe kwa wenyewe Juba. Swali hili linaua watu.

Ndo maana nikifika kwa TANU huwa nakaa hapo muda mrefu. Imezaliwa 7 Julai 1954, dai uhuru, uhuru ukaja 9 Desemba 1961. Na Mwalimu Nyerere alifanya kitu ambacho mpaka leo nikikifikiria nashangaa, Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, akiwa waziri mkuu, akaacha kiti akampa Rashidi Kawawa akarudi kwenye chama. Watu wakadhani kuna ugomvi. Yeye aliona kwamba chama kilichojengwa kwa kumtoa mkoloni hakina kazi mkoloni akishaondoka, viongozi wake wazuri wote wameingia wizarani, matawi yamebaki matupu, mwananchi anadhani kila kitu sasa kitaletwa na serikali. Akazunguka nchi kuyaeleza upya, uhuru na kazi. Sijui kiongozi mwingine aliyeliona hilo tatizo mapema hivo na akaacha madaraka kwa ajili yake.

Ila lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu tukiwa tunamsifia Mwalimu huwa tunaishia hapo. TANU haikufa, ila ilivyopona ni kwa kumeza kila kitu kilichokua pembeni yake. Januari 1963 halmashauri kuu ikaamua nchi iwe ya chama kimoja, 1965 ikaingia kwenye katiba, vyama vya wafanyakazi vikavunjwa 1964 ukaundwa mmoja chini ya mkono wa serikali, na vyama vya ushirika, hata hivi vya wakulima wa kahawa huku kusini, navyo vikaja kuvunjwa 1976. Kwahiyo ukiniuliza TANU ilifaulu mtihani wa baada ya ushindi nitasema ilifaulu kubaki, na bei ya kubaki tulilipa wote. UKIP iliporomoka na Uingereza bado ina upinzani. Nalisema hili kwa heshima zote kwa wazee wangu wa Rungwe na Iringa waliouza kadi za TANU kwa miguu.

Mi msimamo wangu ni kwamba chama cha jambo moja kikishinda kina haki ya kufungwa, na tungekua na utamaduni wa kukifunga kwa heshima, mkutano mkuu unaitwa, hesabu zinasomwa, mali zinagawiwa kwa utaratibu, wanachama wanashukuriwa wanaachwa huru. Hakuna anaefanya hivyo. Sababu naijua, ruzuku, majengo, magari, na vyeo. Mtu ameitwa mheshimiwa mwenyekiti miaka kumi, atakubali vipi kwamba kazi imeisha. Mwanachama wa kawaida yeye angekubali kesho, ana shamba lake la viazi Uporoto linamsubiri.

Kuna watu watasema hilo kwetu halituhusu kwa sababu sheria ya vyama vya siasa ya 1992 hairuhusu chama cha eneo moja au dini moja, lazima uwe na wanachama 200 kwenye kila mkoa, mikoa isiyopungua 10, Unguja na Pemba zikiwemo. Sawa, ila jambo moja linaweza kua la nchi nzima. Katiba mpya ni jambo moja. 2014 UKAWA, Umoja wa Katiba ya Wananchi wa vyama vya upinzani, ilizaliwa kwenye Bunge Maalum kutetea rasimu ya tume ya Jaji Warioba, watu wakaungana ambao hawakuwahi kukaa meza moja, na mwaka mmoja tu baadae ule muungano ulikua ni wa kumpeleka Lowassa ikulu, akapata karibu asilimia 40, rasimu ikabaki kabatini. Wao walilibadilisha lile jambo moja kabla hata halijapatikana, na mi hilo ndo lililoniuma zaidi kuliko matokeo ya uchaguzi.

Kwahiyo wakija tena uwanja wa Ruanda Nzovwe hapa Mbeya, chama chochote kile, na wakasema wanadai katiba mpya, mi nitakua pale uwanjani na nitapiga makofi maana naitaka hiyo katiba kuliko kitu chochote kwenye siasa za nchi hii. Ila wakiruhusu maswali nitataka mtu mmoja pale jukwaani atuambie kwa majina, ikipatikana nani anabaki chamani, nani anaenda serikalini, na lile tawi letu la Uyole litakua linafanya kazi gani.