Bushi ya loa amu imetoka bila presi

Leo mchana, uani Kigamboni. Loa amu ni mkono wa chini unaoshika gurudumu la gari; bushi ni mpira wenye ganda la chuma kwenye maungio yake, na presi ni mashine ya kuisukuma itoke.

Mpira ulishachanika. Umetobolewa kwa drili kuzunguka bomba la kati, ukasukumwa nje. Kuuchoma moto? Moshi ule ni sumu, na nyumba zimebanana.

Kazi yenyewe ni ganda la chuma linalobaki, maana kutu ya upepo wa bahari imeligandisha.
Fungua bledi ya msumeno, ipitishe tunduni, ifunge tena, kata polepole. Ukizidisha unachanja amu yenyewe.
Likikatika unasikia "tik", linalegea. Hiyo tik jamani!

Kufunga amu tena garini: bolti usizikaze hadi mwisho gari likiwa juu ya jeki. Lishushe likanyage chini kwanza, la sivyo mpira unakaa umejisokota, unachanika mapema.

Nyie ganda mnalitoaje?