Siku moja maishani mwangu: mimi, boliti za tundu na funguo za aleni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi
Kabla mteja yeyote hajafika namwaga aleni zote mezani, hii ni tabia yangu ya miaka sasa na siiachi. Zinatoka 1.5, 2, 2.5, 3, 4, 5, 6, 8 na 10, tisa tu, na hizo tisa ndo zinakula karibu kazi yangu yote ya boliti za tundu, zile zenye tundu la pembe sita la kuingizia ufunguo. Kama hujui aleni ni nini, ni vile vyuma vya pembe sita vimekunjwa kama herufi L, jina lilibaki la William G. Allen, Mmarekani wa Hartford aliyepata hataza ya boliti za namna hii mwaka 1910. Namba iliyogongwa kwenye ufunguo ni milimita kutoka ubapa mmoja hadi ubapa unaotazamana nao, sio kona kwa kona na wala sio unene wa boliti, hapo watu wengi sana wanajichanganya.

Nazishika moja moja natazama ncha kwenye mwanga. Leo namba 5 imechoka, kona zimeanza kuwa mviringo na hio ndo inayoenda kuharibu boliti ya mtu saa nne asubuhi ukiiacha. Situpi. Naenda kwenye grainda naikata ncha kama milimita 3 hivi, nagusa kidogo nachovya maji, nagusa tena nachovya, maana chuma kikigeuka rangi ya bluu ujue kimepoteza ugumu na hapo utakunja aleni kama waya. Nikimaliza napitisha tupa laini kuondoa makombo, nabonyeza kona kwa ukucha, ukucha unakwaruzika. Safi, imerudi kazini.

Saa mbili
Baiskeli ya kwanza, usukani unazunguka wenyewe hata tairi likiwa limenyooka. Boliti za shingo ya usukani hapa ni M5, yaani unene wa meno ni milimita 5, zinataka aleni namba 4, na kwenye shingo yenyewe wameandika 5 Nm, yaani nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza. Kijana wangu wa karakana anataka kukaza moja mpaka mwisho alafu aende ya pili, namwambia dogo hapana, zungusha hii robo, nenda ile robo, rudi, mpaka mwanya wa juu na wa chini ulingane. Nm 5 ni kidogo sana jamani, kwa aleni ya mkono mrefu ni nguvu ya vidole viwili tu, ukikaza kwa mkono mzima umeshapita.

Pedeli nazo zilikuwa zinatakiwa kubadilishwa, aleni namba 8 kwa nyuma ya krenki, ule mkono unaobeba pedeli. Ya kushoto meno yake yamegeuzwa, watu wanakaza wakidhani wanalegeza mpaka krenki inaharibika. Mi sikumbuki kwa kulia na kushoto, nakumbuka hivi: aleni ikiwa imesimama kuangalia juu ivute kuelekea tairi la nyuma, pedeli zote mbili zinalegea hivo hivo. Dogo kajaribu, zimetoka zote bila kelele.

Saa nne
Hapa ndo siku ilikaa. Mteja kaleta mashine ya zamani, puli inateleza kwenye shafti, ndani ya puli kuna skrubu ndogo isiyo na kichwa, ile inayozama yote. Kwa macho ni ya namba 3. Dogo kaweka 3, imeingia, akaanza kuvuta, nikamwambia simama kwanza.

Mpe mkono wako nafasi ya kusikia. Nimemwambia asivute, atikise tu ufunguo kulia kushoto, akasema "fundi, inacheza kidogo". Hicho kidogo ndo kila kitu. Aleni ya namba sahihi ikiingia mpaka chini inakaa kimya, unaitikisa na boliti inataka kutikisika nayo, lakini ikiwa na mchezo maana yake zile kona sita zinagusa kuta za tundu kwa ncha tu badala ya kulala, ukivuta zinachimba, na tundu la pembe sita linageuka duara. Nikatoa vanieri nikapima tundu, 3.17. Hio si ya milimita, ni ya inchi, moja ya nane, ambayo ni milimita 3.175. Tofauti isiyofika robo ya milimita na ilikuwa inatosha kuiua ile skrubu.

Kwahiyo nina seti ya pili ya inchi lakini inakaa kwenye kopo lake lenye utepe mwekundu, hairuhusiwi kukaa meza moja na za milimita, kwenye hilo sina utani. Kuna saizi zinafanana mpaka unadanganyika. 5/32 ni 3.97, hio na namba 4 ni ndugu, ufunguo wa inchi utafanya kazi kwenye tundu la 4 na hutaona shida. 5/16 ni 7.94, hio nayo na 8 wanaelewana. Lakini 3/16 ni 4.76 na ukiiweka kwenye tundu la 5 inaingia vizuri tu, inakupa moyo, alafu inageuka ndani kwa ndani. Hio ndo naiogopa kuliko zote, na nusu ya boliti zilizoliwa zinazokuja hapa nikiuliza "mlitumia ufunguo gani" wananionesha ufunguo uliokuwa unakaribia kuenea.

Ya moja ya nane ikaingia, kimya, skrubu ikatoka robo mzunguko wa kwanza ikalia "tik", ikaanza kuja yenyewe.

Wakati namalizia dogo akauliza swali zuri sana. Kashika boliti tatu za M6 kutoka kwenye droo, anasema fundi zote si M6, mbona kila moja inataka ufunguo wake. Nikaacha kazi nikakaa nae maana hili likishaingia kichwani hulisahau. M6 ni unene wa meno, haikwambii tundu. Ile yenye kichwa kirefu cha duara kama kopo inataka namba 5. Ile ya kichwa cha kibonge kama kofia, na ile ya kichwa cha kuzama, zote mbili namba 4. Ile isiyo na kichwa kabisa inataka namba 3. Kwasababu kichwa kikipungua nyama, tundu nalo linapungua upana na kina. Na ndo maana boliti za kofia zinaliwa haraka kuliko za kopo, ufunguo mdogo, tundu fupi, na mtu anazivuta kwa nguvu zile zile. M8 hivo hivo, kopo ni 6, kofia ni 5, isiyo na kichwa ni 4. Akachukua kalamu akaandika kwenye ukuta juu ya vaisi, nikamuacha aandike.

Saa sita na saa saba
Kazi ndogo ndogo, kitasa kimoja kinalegea (skrubu yake namba 3 chini ya mkono wa kitasa, watu hawaioni kwasababu imeangalia chini), na kula.

Saa nane
Nimeitwa nyumbani kwa mama mmoja, bomba la jikoni mkono wake unazunguka bure. Ukitoa kile kifuniko kidogo cha rangi nyuma yake kuna kishimo, ndani namba 2.5. Kishimo kilikuwa kimejaa chokaa ya maji. Usiingize aleni juu ya uchafu, itakaa juu juu na utaila skrubu kwenye mzunguko wa kwanza, mi nimetumia sindano nene kukwangua, nikapuliza, nikaingiza mpaka nikasikia chuma kimegonga chuma. Dakika tano.

Alafu akaniambia baba naomba uangalie na kitanda. Kitanda kinalia, boliti nne za kofia, tatu nimezikaza na namba 4, ya nne tundu limeshakuwa duara. Mtu alikuwa ametumia aleni ya gololi, ile yenye ncha ya mviringo inayokuwezesha kuingia kwa mshazari, akaitumia kulegeza boliti iliyogoma. Aleni ya gololi naipenda, inaingia hata ufunguo ukiwa umelala digrii 25 hivi, inakuokoa pale mkono haufiki, lakini ina shingo nyembamba na inashika kwa eneo dogo sana. Ni ya kuzungushia tu boliti ikishalegea. Kulegeza mara ya kwanza na kukaza mara ya mwisho ni kazi ya ncha nyoofu, upande mfupi ndani ya tundu na mkono mrefu kwenye kiganja.

Hii ya nne nikaifanyia hivi. Nimepulizia oili ya kulegeza kutu kwenye meno kwa upande wa nyuma, nikaiacha nusu saa tunaongea. Nikajaribu namba 4 mpya yenye kona kali nikiigonga na nyundo mara mbili iketi, ikateleza. Sikurudia, maana kila ukirudia unaondoa nyama iliyobaki. Nikachukua biti ya nyota, saizi ya T25, kwenye tundu la namba 4 lililoliwa huwa inaingia kwa kugongwa, nikaigonga mpaka sauti ikabadilika kutoka "tap" hadi "ting", hapo ujue imebana. Nikaweka mkono mwingine nyuma ya biti kuisukuma ndani, nikazungusha taratibu bila kushtua. Mara ya kwanza hakuna. Nikakaza kidogo kwanza, upande wa kukaza, alafu nikageuza. Ikatoka na unga wa kutu.

Ingegoma pale kulikuwa bado na kukata mfereji kichwani kwa msumeno na kutumia bisbisi bapa, au kutoboa kichwa kwa dirili. Bomba refu kwenye mkono wa aleni sikuwaza kabisa. Aleni ikianza kujipinda mkononi inakwambia hapa nguvu imezidi, ukiiongezea bomba unaiziba mdomo, na kinachofuata ni kipande cha chuma kigumu kimevunjikia ndani ya boliti.

Nikamwekea boliti mpya yenye urefu ule ule, grisi kidogo kwenye meno, nikaianzisha kwa vidole mizunguko mitatu ndo nikaleta ufunguo.

Saa kumi na moja na nusu
Nimerudi karakana, namwaga aleni mezani tena, nazifuta, nahesabu. Nane. Namba 4 haipo. Nikageuka nikampigia yule mama, akacheka akasema baba uliiacha hapa juu ya godoro, sasa kijana wangu ameishika anakaza kiti chake. Nikamuuliza kiti kina boliti za kichwa gani, nikamsikia anamuuliza mtoto, mtoto akajibu "za kofia". Nikamwambia basi ni sawa, kama ni za M6 hio ndo yake, nitaipitia kesho asubuhi.